Kumfundisha mbwa msaidizi kwa ajili ya mtu mwenye usonji: mwongozo kwa familia za Lubumbashi

Kabla hujamtafuta mbwa, nunua daftari. Kwa muda wa wiki mbili, andika kila mara mtoto wako, ndugu yako au mtu mzima unayemtunza anapozidiwa: ilikuwa saa ngapi, mlikuwa wapi, kulikuwa na sauti gani, mwili wake ulianza kuonyesha nini kabla hajalia au hajakimbia, na ni kitu gani kilichomtuliza. Naliweka jambo hili mbele ya yote kwa sababu familia nyingi zinazoniuliza habari za mbwa msaidizi huanza na bei na mbegu ya mbwa. Mbwa hafundishwi usonji. Hufundishwa kazi mbili au tatu zinazoonekana kwa macho, na kazi hizo hutoka katika daftari hilo.

Daftari letu lilijaa mambo matatu. Kila umeme ulipokatika jioni na jenereta ya jirani ikawaka, mwanangu aliziba masikio, akaanza kujiuma kifundo cha mkono. Lango la lupango, yaani ua wa nyumba yetu, likiachwa wazi hata kwa dakika moja, alitoka na kuelekea barabarani bila kugeuka. Na kila tulipopanga foleni kwenye zahanati, watu wakimgusagusa kwa nyuma, alijilaza chini. Kutokana na hayo tulipata kazi tatu: kumwegemea mtoto kwa uzito wa mwili, kuja kutuita lango linapofunguka, na kusimama kati yake na watu walio nyuma yake. Hatukuongeza kazi ya nne, na sijajuta.

Kuna jambo moja ambalo halipaswi kuingia katika orodha ya kazi hata wazee wa familia wakilidai. Kupepea mikono, kuyumbayumba na kurudiarudia neno si maradhi ya kukatizwa na mbwa. Ni njia ya mtu huyo ya kujituliza. Mbwa afundishwe kukatiza yale yanayoumiza mwili, kama kujiuma au kujigonga kichwa ukutani, na kwingine aache. Na ikiwa mtu mwenyewe anaweza kusema, kuandika au kuonyesha kwa picha, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa kama anamtaka mbwa. Mtu mwenye usonji anayechukia kubweka, harufu ya manyoya au mate mkononi atateseka nyumbani kwake mwenyewe, na hapo hakuna mafunzo yatakayosaidia. Mpelekeni kwanza kwa rafiki mwenye mbwa mtulivu, mara nne au tano, kwa nusu saa nusu saa, mkiangalia kama anamsogelea kwa hiari yake.

Mbwa msaidizi haponyi usonji, wala hachukui nafasi ya daktari, mwalimu au mzazi. Anachoweza kupunguza ni msongo. Utafiti mmoja wa Québec, nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 2010, ulipima kotisoli, homoni ya msongo, katika mate ya watoto 42 wenye usonji. Kabla ya mbwa kuja, kotisoli ilikuwa ikipanda kwa asilimia 58 mtoto anapoamka asubuhi. Mbwa alipokuwepo ilipanda kwa asilimia 10 tu. Mbwa alipoondolewa kwa muda ikarudi kwenye asilimia 48. Mtoto anayeamka na mwili uliotulia hana budi bado kufundishwa kuvaa, kula na kuzungumza, ila huyapokea mafunzo hayo akiwa na nafasi kichwani.

Mashirika kama Mira ya Québec na Handi'Chiens ya Ufaransa huwalea na kuwafundisha mbwa kwa takriban miaka miwili kabla ya kuwakabidhi, na kwa kawaida huwahudumia wakazi wa nchi zao. Kwetu njia inayowezekana ni familia kumfundisha mbwa wake yenyewe, ikisaidiwa na daktari wa mifugo na mkufunzi mmoja mwenye subira. Njia hiyo inatambulika hata ng'ambo. IAADP, chama cha kimataifa cha watu wanaotumia mbwa wasaidizi, kimeweka kiwango cha chini cha masaa 120 ya mafunzo katika muda usiopungua miezi sita, na kati ya hayo angalau masaa 30 yawe nje, mahali penye watu. Mimi nakushauri uhesabu mwaka mmoja na nusu. Miezi sita inamtosha mbwa ambaye kila kitu kimemwendea sawa, na mtoto ambaye hakuugua, na mzazi ambaye hana kazi nyingine.

Kumchagua mbwa

Mbwa wengi wanaouzwa mjini kwetu wamezalishwa kwa ajili ya ulinzi wa nyumba, maghala na machimbo. Hao ni mbwa hodari katika kazi yao, lakini walichaguliwa kwa sababu wanamtilia shaka mgeni, na mbwa msaidizi anatakiwa kumwona mgeni asijali. Hapo ndipo tulipokosea sisi. Tulinunua dume la mbwa mchungaji wa Kijerumani la miezi minne, zuri la kupendeza, na siku jenereta ilipowaka kwa mara ya kwanza lilikimbilia chini ya kitanda, likatetemeka kwa saa nzima pamoja na mwanangu. Tukawa na wawili wa kutuliza. Mwishowe tulimpa shemeji yangu wa Likasi, na analinda lupango lake vizuri mpaka leo.

Labrado, golden retriva na machotara wao ndio wanaotumiwa zaidi duniani kwa kazi hii, kwa sababu ya upole wao na kupenda chakula, jambo linalorahisisha mafunzo. Lakini tabia ya mbwa mmoja mmoja ina uzito kuliko mbegu. Kaki, jike tulilonalo sasa, ni chotara wa labrado na mbwa wa kienyeji, na hakuna aliyeweza kutuambia baba yake ni nani. Ukitaka mtoto wa mbwa, usimchukue kabla hajafikisha wiki nane, maana anayetengwa mapema na mama yake yumo katika hatari zaidi ya kuwa mwoga au mwenye kuuma, na umwone mama: mama akikunja midomo na kuunguruma, ondoka hata kama watoto wake ni wazuri kiasi gani. Ukimchukua mbwa wa mwaka mmoja au miwili, unapoteza utoto wake lakini unaiona tabia yake ikiwa imekwisha kukomaa. Kwa familia iliyochoka, na familia zetu nyingi zimechoka, mimi napendelea huyo mkubwa.

Mpime hivi. Simama hatua tano kutoka alipo, uangushe kifuniko cha sufuria sakafuni. Kila mbwa atashtuka. Unachotazama ni kinachofuata. Anayerudi ndani ya sekunde chache kunusa kile kifuniko anafaa, anayebaki kajikunyata au anayekibwekea bila kuacha hafai. Fungua mwavuli mbele yake polepole. Mshike masikio, nyayo na mkia, kwanza kwa upole, kisha kwa kubana kidogo kama mtoto angefanya, naye anapaswa kugeuka, kulamba au kujiondoa bila kuonyesha meno. Mwache na mtu asiyemfahamu kwa dakika tatu. Rudia yote siku nyingine, saa nyingine, kwa sababu mbwa aliyeshiba na kuchoka anaweza kukudanganya mara moja. Kama kazi ni ya kuegemea, tafuta mbwa atakayefikia kilo 25 hadi 30. Mdogo zaidi uzito wake hausikiki, mkubwa zaidi atamwangusha mtoto.

Afya yake

Lubumbashi ina bahati ambayo miji mingi ya Kongo haina: Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko hapahapa mjini. Mpeleke mbwa kwa daktari kabla hujalipa bei yote, achunguzwe moyo, macho, ngozi na nyonga, kwa kuwa mbwa mwenye maumivu ya nyonga hataweza kufanya kazi, na maumivu ndiyo huwafanya mbwa wapole waume. Mtoto wa mbwa huanza chanjo za parvo na distempa, magonjwa mawili yanayoua watoto wa mbwa, akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na wiki 12, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kama daktari atakavyopanga. Hiyo haina mjadala wala ya kungojea pesa ya mwisho wa mwezi, kwa sababu kichaa cha mbwa kipo nchini mwetu na dalili zake zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mtu yeyote akiumwa na mbwa, hata wenu aliyechanjwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mwende kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za minyoo na za kupe zina umuhimu wa pekee nyumbani penye mtoto anayependa kulala chini na kutia mikono kinywani.

Bukari (ugali) peke yake haimtoshi mbwa anayefanya kazi. Anahitaji nyama, samaki au mayai ndani yake, na daktari atakupimia kiasi. Vitunguu, chokoleti na mifupa iliyopikwa visifike bakulini mwake. Kwa zawadi za mafunzo, ndakala wakavu, wale samaki wadogo, ndio niliowaona bora kuliko biskuti yoyote ya dukani: waloweke usiku ili chumvi itoke, wakaushe tena juani, wakate vipande vidogo kama punje ya mahindi.

Mkufunzi

Wakufunzi wengi hapa wamejifunza kazi kwa mbwa wa ulinzi. Baadhi yao ni mafundi kweli, na wanaijua lugha ya mwili wa mbwa kuliko mimi na wewe. Usiwaulize bei kwanza, waulize mbwa akikosea wanafanya nini. Anayejibu kwamba anampiga, anamning'iniza kwa mnyororo au anamtia shoti ya umeme, mshukuru na uondoke. Sababu si huruma peke yake: mbwa aliyefundishwa kwa maumivu hujifunza kuficha hofu yake, na siku mtoto wako atakapopiga kelele na kumrukia mgongoni ghafla, hofu ile itatoka kwa meno. Tafuta anayelipa tendo jema kwa chakula na kulipuuza baya, na anayekubali kukufundisha wewe umfundishe mbwa, badala ya kumchukua mbwa kwa miezi mitatu na kumrudisha akiwa anamtii yeye tu.

Mafunzo ya msingi

Chagueni maneno machache, neno moja kwa tendo moja, kwa lugha moja, na nyumba nzima iyafuate. Nyumbani mwetu ni kaa, lala, ngoja, njoo, acha, egemea na basi. Yaya akisema kwa Kifaransa, bibi kwa Kibemba na baba kwa Kiswahili, mbwa atasikia kelele tu. Kwa mtoto asiyezungumza, kila neno lipewe ishara ya mkono, maana mbwa husoma ishara upesi kuliko sauti. Fundisha kwa dakika tano, mara tatu kwa siku, usizidishe. Alama ya kumwambia mbwa kwamba amepatia huko ng'ambo ni kibonyezo cha plastiki kinacholia. Mwanangu hakuweza kuvumilia mlio wake, tukatumia neno "ndiyo" lililosemwa kwa sauti ileile kila mara, na kazi ikaenda.

Katika miezi ya kwanza mbwa aonjeshwe mji taratibu: jenereta kwa mbali, pikipiki, mabati yakigongwa, mvua, watoto wanaotoka shule, kwaya ikifanya mazoezi. Kila sauti ije na ndakala. Anayekaa karibu na uwanja wa Kamalondo asianzie siku ya mechi ya timu ya TP Mazembe. Mwezi wa tisa na wa kumi, joto linapopanda, weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo hazitavumilia, basi tembeeni alfajiri.

Kazi ya kuegemea, hatua kwa hatua

Hii nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayoombwa zaidi na ndiyo inayoharibiwa kwa haraka. Tandika mkeka mmoja ambao utatumika kwa kazi hii tu. Kaa juu yake, miguu ukiwa umeinyoosha, wewe mtu mzima, mtoto akiwa chumba kingine. Mwite mbwa, shika kipande cha ndakala upande wa pili wa mapaja yako ili kichwa chake kipite juu yake. Kidevu kikigusa paja, sema "ndiyo" na umpe. Rudia mara kumi, kisha pumzikeni. Siku ya pili au ya tatu usimpe kwa kugusa. Ngoja sekunde moja ya uzito, halafu tatu, halafu kumi. Akishajua kutulia nusu dakika, leta neno: sema "egemea" kabla hajashuka. Baadaye mvute alaze kifua chote na miguu ya mbele juu ya mapaja yako. Kila mara mmalizie kwa "basi", aondoke mwenyewe, kwa kuwa mbwa asiyejua kazi inakwisha lini hufika mahali akaikataa.

Fikisheni dakika mbili kwa mtu mzima mmoja, kisha kwa mwingine, kisha kwa mtu mzima anayeyumbayumba na kulia kwa kuigiza. Hapo tu ndipo mtoto aketi mkekani, siku ambayo ametulia na ameshiba, na iwe kwa sekunde tano. Uzito ukae mapajani au miguuni, kamwe usiwe kifuani wala karibu na shingo, na mtoto aweze kumsukuma mbwa wakati wowote. Baada ya wiki kadhaa, tumia daftari: kama dalili ya kwanza ni kuziba masikio, mtu mzima azibe masikio, hapohapo aseme "egemea". Mbwa akiunganisha vitu hivyo viwili, ataanza kuja kabla hujasema. Kwa Kaki ilichukua wiki tisa. Jioni moja jenereta iliwaka, nami nilikuwa nje naanika nguo. Niliporudi nilimkuta mwanangu ameketi sakafuni, mikono masikioni, na Kaki amelala juu ya miguu yake akimtazama usoni. Kifundo cha mkono hakikuwa na alama ya meno.

Lango, na hatari ya kupotea

Ning'iniza kengele ndogo kwenye lango. Mfundishe mbwa kwamba kengele ikilia, akikukimbilia na kukugusa mkono kwa pua, anapata zawadi kubwa. Wiki mbili za mchezo huo zinatosha kwa mbwa wengi. Wengine hufundishwa pia kumtafuta mtoto kwa harufu, na pua ya mbwa inaweza mengi: katika mbuga ya Virunga, tangu mwaka 2011, mbwa hufundishwa kufuata nyayo za majangili. Nyumbani inaanza kama mchezo wa kujificha, mtoto akijificha nyuma ya mwembe. Lakini usikubali mbwa awe ndiyo kufuli. Kufuli halisi iwepo langoni, picha ya mtoto iwe kwenye simu za majirani na za manseba (waendesha teksi-pikipiki) wa kituo cha karibu, na akipotea anzeni kutafuta penye maji, kwa kuwa watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji: ziwa la manispaa, mito, visima vya wazi.

Utaona video za mtoto aliyefungwa kwa kamba kwenye kiuno cha mbwa. Mashirika kadhaa hutumia njia hiyo kwa mbwa waliofundishwa miaka miwili, mtu mzima akiwa ameshika mkanda mwingine. Mimi siipendekezi katika barabara zetu zenye teksi-basi zinazosimama popote. Mwekee mbwa mkanda wa kifuani wenye mpini, mtoto aushike kwa hiari yake, na mtu mzima pekee ndiye ashike kamba ya kuongozea.

Kutoka nje

Anzeni barabara ya mtaani asubuhi ya Jumapili, kisha ua wa kanisa baada ya watu kuondoka, kisha duka dogo la mtu mnayefahamiana, kisha zahanati saa zisizo na foleni. Soko Mzee Kabila liwe la mwisho, na kama halihitajiki lisiwepo kabisa. Andika kila safari na muda wake, ndiyo njia ya kujua kama masaa 30 yamefika. Mbwa yuko tayari anapoweza kulala chini ya kiti kwa nusu saa huku nyama ikipita mbele yake.

Kuhusu haki, Kongo iliridhia mwaka 2015 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 20 kinataja pia misaada inayotolewa na viumbe hai, na Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu nchini. Mlinzi wa mlangoni, hata hivyo, hajasoma sheria hizo. Nenda siku moja kabla, bila mbwa, ukazungumze na mkuu wa mahali, ukiwa na barua ya daktari anayemtibu mtu huyo, kitabu cha chanjo, na karatasi moja inayoeleza kazi tatu za mbwa. Mwite "mzee" au "mama" kama anavyostahili, umweleze polepole. Katika milango sita niliyobisha kwa namna hiyo, mitano ilifunguka.

Wapo watakaosema mambo mengine, hasa mtoto asiyezungumza anapoonekana akifuatwa na mbwa kila mahali. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto asishutumiwe uchawi, nawe uitaje bila woga. Lakini kilichonisaidia zaidi mtaani kwetu ni kuwaita majirani nyumbani kabla uvumi haujaanza, wakamwona Kaki akijifunza, wakamlisha ndakala kwa mikono yao.

Mbwa naye ni kiumbe anayechoka. Akipiga miayo bila usingizi, akilamba midomo bila chakula, akigeuza kichwa na kuonyesha weupe wa jicho, kazi ikome hapo. Awe na pembe yake ambayo mtoto haingii, na kila siku apate muda wa kuvuliwa mkanda na kukimbia kama mbwa mwingine yeyote. Hata katika shule kubwa za ng'ambo mbwa wengi huachishwa njiani. Wako akishindwa, mwache awe mbwa wa nyumbani au mtafutie familia njema. Akifaulu, atafanya kazi mpaka miaka minane hadi kumi hivi. Mtu mwenye usonji hapendi badiliko la ghafla, kwa hiyo anza mapema, mbwa anapofikisha miaka saba, kumwonyesha kwa picha kwamba siku moja Kaki atabaki nyumbani amelala juani, na mbwa mwingine ndiye atakayekwenda naye zahanati. Sisi tumeshachora picha ya kwanza. Imebandikwa jikoni, karibu na bakuli lake.